Majani Mabichi Barabarani

Dereva yeyote wa safari ndefu Tanzania anaijua lugha ya majani. Ukikuta tawi limewekwa kwenye lami, hatua chache mbele tawi jingine, kisha jingine tena, unapunguza mwendo kabla hujaona kitu, kwa sababu nyuma ya kona ile kuna lori limekatika ekseli au gari limepata pancha mahali pabaya. Sheria inataka alama za pembetatu zinazoakisi mwanga, na inastahili kutaka hivyo, hasa usiku ambapo jani halionekani. Lakini jani lina sifa ambayo pembetatu haina. Likiwa bichi, ujue gari limeharibika leo. Likiwa limenyauka, huenda mwenye gari aliondoka tangu jana na hakukumbuka kuyaondoa matawi yake. Utingo mzoefu hulitazama jani akakadiria saa.

Sifa hiyo ndiyo inayokosekana katika taarifa nyingi tunazozitegemea kabla ya safari. Si kwamba taarifa ni chache. Kuna kurasa za TANROADS, wakala wa barabara kuu, na za Jeshi la Polisi mitandaoni, kuna redio, kuna ramani za simu, na kuna magrupu ya WhatsApp ya kila ukoo. Kinachopungua ni saa. Tunaambiwa barabara imefungwa bila kuambiwa imefungwa tangu lini, nani ameiona, na mara ya mwisho ameiona saa ngapi. Taarifa ya barabara isiyo na saa naihesabu kuwa uvumi, hata ikiwa na nembo ya serikali juu yake.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Miaka michache iliyopita baba yangu mdogo alifariki Iringa, na mazishi yakapangwa saa 10 jioni siku ya pili yake. Tulitoka Dar es Salaam saa 10 alfajiri, watu wanne katika gari dogo. Saa 1 na nusu asubuhi tulipita Mikese, saa 2 tukawa Morogoro tunakunywa chai. Niliifungua ramani ya simu: mstari wa samawati hadi Iringa, hakuna onyo lolote. Mikumi tukajaza mafuta. Tulipoipita Ruaha Mbuyuni, kabla hata ya kuanza kuupanda mlima Kitonga, tukakuta mkia wa foleni. Nilishuka nikamfuata dereva wa lori, mtu mzima, amekaa kivulini chini ya tela lake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mnatoka Dar?”

“Ndiyo mzee. Kuna nini huko mbele?”

“Kuna semi imelala kwenye kona tangu saa 9 usiku. Winchi bado haijafika.” Akanitazama, akalitazama na gari letu. “Kwani nyie hamkuambiwa? Sisi tumeambiwa tukiwa mizani pale Mikese. Mimi na mzigo wa Tunduma sina pa kukimbilia, lakini nyie wenye gari dogo mngezungukia Dodoma.”

Tulipita Kitonga jioni, tukaingia Iringa saa 2 usiku. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa na mashada yamepangwa juu yake. Mama mdogo hakutulaumu hata kidogo. Alituuliza tu kama tumekula.

Nimeipiga hesabu ile mara nyingi. Kutoka Morogoro kwenda Iringa kwa kupitia Dodoma na Mtera ni zaidi ya kilomita 500, lami mwanzo hadi mwisho. Tungeondoka Morogoro saa 2 asubuhi kwa njia hiyo, tungewahi, japo kwa kubanana. Habari ilikuwa na umri wa saa tano wakati sisi tunakunywa chai. Ilikuwa imeshavuka mikoa, ikafika mizani, ikamfikia kila dereva wa lori aliyesimama pale kupima uzito. Sisi tulipita umbali wa hatua chache kutoka kwa watu walioijua, na hapakuwa na kitu cha kuitoa vinywani mwao ikatufikia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo letu ni teknolojia. Simu tunazo, na habari husafiri haraka kuliko mabasi. Inachokosa ni njia ya kutoka kwa anayeijua hadi kwa anayeihitaji, na inachokosa zaidi ni muhuri wa saa.

Tazama tangazo la kawaida la kufungwa kwa barabara. Lina kichwa cha habari, lina cheo cha aliyelitoa, lina pole kwa usumbufu na ombi la uvumilivu. Ukitafuta saa ya tukio, mara nyingi utakuta tarehe tu. Ukitafuta ni magari gani yanayozuiliwa, utakuta “watumiaji wa barabara”. Tena kufungwa hutangazwa, kufunguliwa husahaulika. Matokeo yake, tangazo la Jumanne linaendelea kuishi hadi Ijumaa, linasambazwa na watu wenye nia njema kabisa, na msafiri aliyekuwa na haki ya kupita anaahirisha safari yake kwa ajili ya barabara iliyo wazi.

Picha ndizo hatari zaidi. Kalavati la Kiyegeya, wilayani Gairo, lilisombwa na maji Machi 2020 na kuikata barabara ya Morogoro hadi Dodoma. Picha zake zilitisha, lami imemeguka na watu wamesimama pembeni wakichungulia. Masika moja baadaye nilitumiwa picha hiyo hiyo kwenye grupu la familia, ikiwa na maneno “hali ilivyo sasa hivi”. Ndugu yangu aliyeituma hakusema uongo kwa kukusudia. Aliipokea bila saa, akaipeleka bila saa.

Ramani za simu nazo zimetuzoesha kuamini kwamba zinaijua barabara, kumbe zinajua mwendo wa simu. Rangi nyekundu, ya chungwa na ya kijani unazoziona hutokana kwa sehemu kubwa na simu zilizomo ndani ya magari, zinazotuma mahali zilipo na kasi zinayokwenda. Februari 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, alitoa video inayomwonyesha akivuta polepole mtaani toroli lililojaa simu 99. Ramani ya Google ikauonyesha mtaa ule kuwa mwekundu, ingawa ulikuwa karibu mtupu. Watu wengi walilichukulia tukio hilo kama kichekesho cha mjini. Kwetu sisi lina maana iliyogeuka. Kama simu nyingi zinazotambaa huonekana kuwa foleni hata pasipo magari, basi barabara iliyokatika isiyo na simu juu yake huonekana kama haina tatizo lolote. Haiwi nyekundu, inabaki bila rangi. Katikati ya Songea na Tunduru, au usiku mahali ambapo mtandao unakatika, ramani ikinyamaza haimaanishi kwamba njia ni salama. Imenyamaza kwa sababu haina wa kuiambia.

Sisemi tuziache. Ndani ya Dar es Salaam saa 12 jioni, ramani inajua zaidi kuliko mimi kama nipite Bagamoyo au Morogoro, kwa sababu simu zimejaa kila mahali. Google iliinunua Waze, programu nyingine ya ramani za simu, mwaka 2013, na kile kilichoipa Waze thamani kilikuwa madereva wenyewe: mtu anaona ajali, anabonyeza, na walioko nyuma yake wanajulishwa papo hapo. Nairobi walishalielewa hilo kabla. Huduma ya Ma3Route ilianza mwaka 2012 kwa kukusanya ripoti za abiria wa matatu na madereva, na ripoti hizo zina uzito kwa sababu ya jambo dogo sana: kila moja ina dakika yake. Unaisoma ukiona imeandikwa saa mbili zilizopita, unajua uiamini kiasi gani. Udhaifu wake ni ule ule wa ramani. Penye watu wengi panasemwa sana, penye watu wachache pananyamaziwa, na barabara zinazoua kwa kimya ziko huko kwa wachache.

Halafu kuna suala la mto, ambalo nadhani hatujalifundishana ipasavyo. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua adha ya Jangwani: mvua kubwa ikinyesha, Msimbazi unafurika, polisi wanaifunga Barabara ya Morogoro kati ya Magomeni na Faya, na mabasi ya mwendokasi yanakatiza safari. Wengi hutazama mbingu ya Jangwani kuamua kama watoke. Wanatazama mahali pasipo. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na maji yanayoifunga Jangwani yameanguka huko juu saa kadhaa kabla. Jua linaweza kuwaka Kariakoo huku daraja linafungwa. Ndivyo ilivyo kwa barabara nyingi nchini zinazopita chini ya milima. Kinachokata barabara mara nyingi si mvua iliyokunyeshea wewe, ni mvua iliyowanyeshea watu wa juu usiku wakati umelala. Kwa hiyo anayesoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kabla ya safari asiishie kwenye mkoa anaokwenda. Asome na mikoa ambako mito anayoivuka inatokea.

TMA inatumia ngazi tatu zinazoeleweka: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake. Ni kazi nzuri na imeokoa watu. Lakini onyo la hali ya hewa huzungumzia mvua, upepo na mawimbi. Halizungumzii kalavati. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja kikiwa kimeshatangazwa, kikaingia Mafia tarehe 4, na wengi pwani walijua kinakuja. Hata hivyo barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilipokatika katika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, mabasi na malori yalikwama pande zote mbili. Watu walikuwa na taarifa ya kimbunga lakini hawakuwa na taarifa ya barabara, na hizo ni taarifa mbili tofauti. Ya kwanza husema maji mengi yanakuja. Ya pili husema mahali fulani kati ya Somanga na Nangurukuru hapatayahimili maji hayo, kwa hiyo kama safari yako ya Lindi inaweza kusubiri siku tatu, subiri. Njia nyingine ya lami kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ni ya kuzungukia Makambako, Songea, Tunduru na Masasi, umbali unaozidi mara tatu ule wa kawaida. Mtu haamui kuzunguka hivyo akiwa amekwama Somanga na mtoto mgongoni. Anaamua akiwa nyumbani, kama ameambiwa.

Nani anajua ni kalavati gani halitahimili? Wahandisi wanajua. Kila mkoa una Meneja wa TANROADS, ana watu wanaozunguka barabarani, ana historia ya kila mahali palipowahi kubomoka. Barabara za wilaya na za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, nako kuna wataalamu wanaolijua kila bonde. Ujuzi huo upo kwenye mafaili na vichwani mwa watu, na umelipiwa na sisi. Maoni yangu ni kwamba taarifa ya hali ya barabara ni sehemu ya barabara, kama ilivyo lami, mifereji na vibao. Barabara ambayo msafiri hawezi kujua kama inapitika leo bado haijakamilika kujengwa.

Mahali pa kuanzia napaona pale pale aliponionyesha yule mzee wa Kitonga: mizani. Magari yote yanayozidi uzito wa kilo 3,500 hulazimika kupita mizani, mchana na usiku. Vigwaza, Mikese, Wenda, Mpemba, zote ziko kwenye njia kuu, zote zina umeme, wafanyakazi wa zamu na madereva wanaotoka pande zote mbili. Hakuna chombo cha habari chenye waandishi wengi namna hiyo barabarani. Kinachohitajika ni mfanyakazi wa zamu kuwauliza madereva watatu wanaotoka mbele wameona nini, aandike pamoja na saa, awasiliane na ofisi ya mkoa ithibitishe, kisha yawekwe kwenye ubao mkubwa nje ya geti ambao hata mwenye gari dogo asiyepima uzito anausoma akiwa anapita. “Kitonga imefungwa tangu saa 9 usiku. Tumehakikisha saa 1 asubuhi.” Sentensi mbili fupi, kila moja na saa yake. Kama yangekuwepo Mikese asubuhi ile, ningemzika baba yangu mdogo.

Maneno hayo hayo yangesomwa redioni. TBC Taifa inasikika mahali ambapo simu haishiki, na watu wetu tayari wamezoea kusubiri utabiri wa hali ya hewa baada ya habari. Hali ya barabara kuu ingeweza kufuata hapo hapo, alfajiri kabla mabasi hayajatoka Mbezi, na tena jioni, kwa kuwa tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku na abiria wa usiku ndiye asiyeona kitu dirishani. Marekani walitenga namba moja ya simu, 511, mwaka 2000, ili popote ulipo uwe na namba moja ya kuulizia barabara. Mfano huo naupenda kwa sababu hauhitaji simu ya bei ghali. Bibi mwenye kitochi chake anaweza kupiga na kuuliza kama mjukuu atafika.

Nimewahi kuzungumza na watu walioko karibu na kazi hizi, na wana hofu ambazo haifai kuzidharau. Ya kwanza ni hofu ya kukosea: ukitangaza saa 1 kwamba barabara iko wazi, na saa 2 ikakatika, lawama ni zako. Jibu langu ni saa yenyewe. Aliyesema “ilikuwa wazi saa 1” hajakosea hata ikikatika saa 2. Anayekosea ni aliyesema “iko wazi” akanyamaza. Hofu ya pili ni kwamba madereva wakiambiwa njia imefungwa watakimbilia njia mbadala moja na kuiharibu, hasa malori kwenye barabara za vumbi. Hiyo ni hofu ya kweli, na ndiyo sababu tangazo linapaswa kusema njia mbadala ni ya magari ya aina gani. Lakini kunyamaza hakuwazuii. Wanakimbilia huko huko, isipokuwa wanakwenda kwa kubahatisha na usiku.

Wakati tunasubiri, msafiri anaweza kuuliza vizuri zaidi. Tumezoea kupiga simu na kuuliza “barabara ikoje?”, tunajibiwa “iko poa”, tunawasha gari. Swali hilo halina faida kubwa. Uliza: wewe mwenyewe umepita, au umeambiwa? Umepita saa ngapi? Ulikuwa unapanda au unashuka? Ulikuwa na gari gani? Hilo la mwisho huokoa sana, kwa sababu neno “panapitika” la dereva wa lori au wa Land Cruiser si neno la mtu mwenye IST. Uliza na mvua ya jana usiku ilinyesha wapi. Muulize mtu ambaye riziki yake inategemea barabara ile leo: wakala wa basi aliyeko kituo cha mbele, fundi wa pancha, muuza mahindi. Hao hawana sababu ya kubembeleza. Na yote hayo yafanyike gari likiwa limesimama. Mkiwa njiani, simu iwe mkononi mwa abiria, kamwe si mkononi mwa aliyeshika usukani.

Mimi nina mama mmoja Ruaha Mbuyuni, anauza vitunguu kando ya barabara. Tulifahamiana siku ile ile ya foleni, alipotuuzia maji na kutupa benchi lake tukae. Kila ninapotaka kwenda Iringa humpigia kabla sijaondoka Morogoro. Hatumii ramani na hana mtandao wa maana, lakini anajua mabasi yanayotoka Mbeya alfajiri yanashuka kwake muda gani. Mwezi uliopita nilimpigia tena nikiwa stendi ya Msamvu, nikamwamkia, nikamuuliza hali ya Kitonga.

“Njoo tu baba,” aliniambia. “Hilo la kwanza limeshapita, na la pili ndiyo hili linapiga honi hapa.”